Namba ya jirani

Mama yangu alianguka bafuni alfajiri ya Jumatano moja, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakamsikia akiita. Walimsikia vizuri kabisa, maana dirisha la bafu letu limeelekea uchochoroni. Shida ikawa namna ya kumfikia. Geti lilikuwa limepigwa kufuli kwa ndani. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo. Mlango wa jikoni ulikuwa na makomeo mawili, la juu na la chini. Mpaka kijana mmoja aliporuka ukuta, akachanwa kiganja na vipande vya chupa vilivyopandwa juu yake, akazunguka nyuma na kuvunja dirisha la stoo, Mama alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji zaidi ya saa nzima, mkono umevunjika.

Vile vipande vya chupa alivipanda baba yangu, Mungu amrehemu, mwaka 1994, tulipoibiwa baiskeli. Tangu mwaka huo kila mlango wa nyumba ile ulifungwa kwa kumfikiria mtu aliyechukua baiskeli.

Jirani yetu wa mkono wa kulia, mwanamke ambaye tumekula kwake tangu utotoni, alisimama nje muda wote huo akizungumza na Mama kupitia dirishani ili asipoteze fahamu. Aliponipigia simu Dar es Salaam hakulaumu mtu. Alisema tu, “Mwanangu, nilikuwa hapa hapa, na sikuwa na pa kupitia.”

Kutoka Dar mpaka Tanga ni kilomita kama 350. Nilizisafiri siku hiyo nikiwa na sentensi hiyo kichwani, na kabla sijafika Segera nilikuwa nimeshaamua. Mkono wa Mama ulipokwisha kufungwa plasta, nilikaa kibarazani na daftari. Sikuandika majina ya vifaa. Niliandika watu: nani lazima aweze kuingia kwa Mama bila kumsubiri ainuke? Jirani. Dada anayemsaidia kazi. Kaka yangu aliyeko Muheza. Mimi. Mama mwenyewe, akirudi sokoni na mkono mmoja. Watu watano. Ufunguo wa kawaida ungehitaji nakala tano, na nakala moja tu ikipotea inabidi ubadilishe kitasa na kuwatafuta wote wanne waliobaki. Namba ya siri haipotei mfukoni, na ukitaka kumwondoa mmoja humgusi mwingine. Ndiyo maana nilichagua kibao cha namba, kile chenye vitufe kuanzia sifuri mpaka tisa, pamoja na nyota na reli, ile alama ya #.

Watu wengi wakisikia kibao cha namba wanawaza sumaku, ile ya kwenye milango ya ofisi na benki. Sumaku ya kawaida ya volti 12 inashika kwa nguvu ya kilo 280 hivi, na kwa ofisi ni kifaa kizuri. Lakini sumaku inashika kwa sababu umeme unapita ndani yake muda wote, kama nusu ampea usiku na mchana. Umeme ukikatika, inaachia. Kwa mlango unaotazama barabara ya Tanga hilo halifai. Luku ikiisha saa nane usiku, nyumba iko wazi. Unaweza kuweka betri ya akiba, ile ya volti 12 na saa-ampea 7 inayouzwa kila duka la vifaa vya ulinzi, lakini gawa 7 kwa nusu: hupati zaidi ya saa 14, na betri iliyozeeka haifiki hata hapo.

Nikachukua vitasa vya umeme viwili, kimoja cha geti dogo na kimoja cha mlango wa jikoni. Kitasa cha aina hii kimefungwa kwa chuma chake chenyewe, na umeme unahitajika kwa sekunde moja tu ya kukiachia. Kikikosa umeme kinabaki kimefungwa, na kwa nje bado kina tundu la ufunguo wa kawaida. Kwa ndani kina kitufe cha chuma: unabonyeza kwa kidole, mlango unafunguka, uwe na umeme au usiwe nao, ujue namba au usiijue. Hiki kitufe cha ndani ndicho kitu ambacho nisingekiacha hata kwa bei ya nusu. Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yana vyuma. Nilikuwa kijana wakati huo, na picha za bweni lile sijazisahau. Mtu aliye ndani asihitaji ruhusa ya kifaa chochote ili atoke. Fundi akikuwekea mlango unaodai namba kwa pande zote mbili, mwambie aurekebishe kabla hujamlipa.

Sasa, kwa nini nilichukua kibao kisichotumia waya? Vibao vingi vya bei nafuu vina kila kitu ndani yake: vitufe, kumbukumbu, na ile swichi ya umeme inayoamuru kitasa, ambayo mafundi wanaiita rilei. Nyaya za kitasa zinafika mpaka nyuma ya kibao, na kibao kiko nje, mtaani. Mwenye bisibisi akikibandua ukutani anazikuta zile nyaya mbili, anazigusisha, na mlango unafunguka bila namba yoyote. Kibao kisicho na waya kiko nje peke yake na betri zake tatu ndogo. Ukiandika namba sahihi, kinarusha ujumbe wa redio kwa risiva iliyo ndani ya nyumba, na risiva ndiyo inayokigonga kitasa. Nyaya zote zimebaki ndani ya ukuta.

Hapo inabidi uangalie ujumbe wenyewe ni wa namna gani. Rimoti nyingi za mageti huku kwetu zinasema kwa masafa ya megahezi 433.92, na kila mwenye kifaa cha kusikilizia anaweza kuzisikia. Zile za zamani zilikuwa na swichi ndogo ndogo unazozipanga juu na chini, na zilirudia ujumbe ule ule kila siku. Swichi 12 zinatoa mipangilio 4,096 tu. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kichezeo cha watoto cha kutumiana ujumbe, alichokibadilisha mwenyewe, kikifungua milango ya gereji ya namna hiyo kwa sekunde zisizofika kumi. Kinga yake ni msimbo unaobadilika: kila mbonyezo unatuma ujumbe mpya, risiva inajua upi unafuata, na ujumbe uliokwisha kutumika hauna kazi tena. Mfumo maarufu wa aina hiyo, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walionyesha njia ya kuuvunja, lakini kwa vifaa na ujuzi ambao mwizi wa baiskeli hana. Dukani nilimwomba muuzaji ajaribu kunakili ile rimoti ndogo iliyokuja na seti yangu kwa rimoti tupu, zile za kunakilia ambazo unazishika karibu na ya asili na kubonyeza zote mbili. Ilipokataa kunakilika, nikalipa.

Kazi ya kufunga ilichukua Jumamosi nzima, na sehemu kubwa ya Jumamosi hiyo ililiwa na tatizo ambalo halikuwa la namba wala la redio.

Vibao viwili, risiva moja. Risiva niliiweka ukumbini karibu na dirisha, pamoja na adapta na betri ya akiba. Kuifundisha risiva ni kazi ya dakika moja: unabonyeza kitufe chake cha kujifunza, taa inawaka, unakwenda kwenye kibao na kuandika namba, taa inapepesa, basi wamejuana. Risiva yangu ina njia mbili, kwa hiyo kibao cha geti nilikifundisha njia ya kwanza na cha jikoni njia ya pili. Mlango wa jikoni ulifunguka mara ya kwanza, na Mama akapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja. Geti likagoma. Kitasa kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha, na ulimi haukurudi ndani.

Nilifikiri kitasa ni kibovu. Nikakifungua, nikakisogeza karibu na risiva, nikakiunga kwa waya mfupi, kikafanya kazi kwa nguvu zote. Nikakirudisha getini, kikanyamaza. Hapo nikachukua mita ya kupimia volti. Risiva ilikuwa inatoa volti 12 kamili, lakini getini, katika ile sekunde ya kufungua, zilifika volti 9. Volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani. Nilikuwa nimetumia waya mwembamba wa kengele, wa milimita nusu ya mraba. Kutoka risiva mpaka geti ni mita 22, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 44 za shaba nyembamba, zenye ukinzani wa kama omu moja na nusu. Kitasa kinavuta ampea mbili. Zidisha: volti tatu. Kila kitu kilikuwa kinaeleweka, ila nilipaswa kupiga hesabu hiyo kabla ya kununua waya. Nikaenda dukani kuchukua wa milimita moja na nusu, ambao unapoteza volti moja tu kwa umbali ule ule, na kabla ya magharibi geti likafunguka kwa mlio mzito wa chuma. Ukimwona fundi anabadilisha kitasa cha pili na cha tatu kwa madai kwamba ni vibovu, mwombe apime volti pale pale kitasani, wakati wa kufungua, si wakati kimetulia.

Mengine mawili ya siku hiyo nayataja haraka. Antena ya risiva ni kipande cha waya cha sentimita 17 na kidogo, robo ya wimbi la masafa yale, na inapenda kusimama wima mbali na chuma. Mimi niliikunja ndani ya boksi ili ipendeze, na kibao cha geti kikawa kinasikika mara moja kati ya tatu. Nilipoinyoosha nje ya boksi ikasikia kila mara. Na ule muda wa kuachia kitasa: wa kiwandani ulikuwa sekunde tano, nikaushusha mpaka moja, kwa sababu koili ya kitasa cha aina hii inachemka ukiishikilia na umeme.

Jioni tukakaa kibarazani kupanga namba. Kwenye vibao vyangu unaingia kwa nyota, kisha namba kuu, kisha reli. Namba kuu ya kiwandani imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, na karatasi hiyo hiyo iko katika kila boksi la aina hiyo lililouzwa dunia nzima. Aliyekuja na kibao kama chako anaijua. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya mtu yeyote kupewa chochote, ni kubonyeza sifuri na kuandika namba kuu mpya mara mbili. Nimeingia nyumba za watu wenye kuta ndefu na mbwa wakali, nikajaribu namba ya kiwandani kwa idhini yao, na kibao kikanipokea. Na ujue pia kwamba ndani ya kibao kuna mahali pa kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Kikibanduliwa au kikiibiwa, usiongezee skrubu ukasema yamekwisha: nenda kwenye risiva, futa kumbukumbu yake yote, ufundishe upya. Risiva ikishakisahau kibao kile, hakina kauli tena juu ya mlango.

Kuongeza mtu ni moja, namba ya nafasi yake, reli, namba yake ya siri, reli. Kumfuta ni mbili, nafasi yake, reli. Hiyo nafasi watu wanaipuuza, na mafundi wengi wanaweka namba moja ya nyumba nzima kisha wanaondoka. Nafasi ndiyo inayokuwezesha kumwondoa mtu bila kuijua namba yake. Nilifungua ukurasa wa daftari nikaandika: moja Mama, mbili mimi, tatu kaka, nne jirani, tano dada wa kazi. Nafasi tu na jina. Namba za siri hazikuandikwa popote.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 31, na alitaka namba yake iwe 1964, mwaka wa Muungano.

“Mama, huo mwaka kila mtu anaujua.”

“Wanaujua, lakini watajuaje kwamba nimeuchagua mimi?”

Nikamwonyesha kwenye daftari. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000. Lakini mtu akikisia kwamba umechagua mwaka wa karne iliyopita, zimebaki 100. Akakubali kwa hesabu, si kwa kuamini tu. Halafu akaniuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: vitufe vikichakaa je? Alikuwa ameona kwenye kibao cha ofisi fulani vitufe vinne vinang’aa na vingine vina vumbi. Ana haki. Vitufe vinne vilivyochakaa vinamwambia mgeni tarakimu zako, na kuzipanga zote nne kuna njia 24 tu. Tukapiga hesabu pamoja ya namba yenye tarakimu moja inayojirudia, na matokeo yakatushangaza wote wawili: vitufe vitatu vilivyochakaa vinaacha njia 36, zaidi ya 24. Lakini kinga yetu kubwa ni kwamba watu watano wana namba tano tofauti, kwa hiyo vidole vinapita kila mahali. Mama akachagua yake akiwa amenipa mgongo.

Jirani alipoitwa kuja kuchagua ya kwake alisita. Alisema, “Mimi kuingia kwa mtu bila hodi sijazoea.” Nilimwelewa. Kwetu pwani mtu hupiga hodi hata kama mlango uko wazi, akasubiri karibu, na asipojibiwa mara ya tatu anarudi alikotoka. Kumpa mtu namba ya mlango wako ni kumwomba avuke jambo alilofundishwa tangu anatambaa. Mama ndiye aliyemjibu: “Siku ile uliita hodi saa nzima, shoga yangu. Nilikuitikia karibu, na hukuweza kuingia.” Wakanyamaza kidogo. Kisha jirani akaenda kwenye kibao, nami nikageuka kutazama barabarani.

Tulibaki na makomeo. Geti lina kitasa kipya, mlango wa jikoni una kitasa kipya, na usiku ule ule wa kwanza Mama akasukuma komeo la juu na la chini kama alivyofanya kwa miaka karibu 30. Nilisikia kutoka chumbani. Kazi yote ya Jumamosi ilikuwa imefungiwa nje. Sikumkatalia usiku huo, kwa sababu anayelala peke yake katika nyumba anajua hofu yake kuliko mtoto wake anayelala Dar. Asubuhi nilimwomba atoke nje na kujaribu kuuvunja mlango wa jikoni ukiwa umefungwa kwa kitasa peke yake. Akausukuma kwa bega zima, akaupiga teke. Kaka akausukuma. Kijana yule aliyechanwa kiganja, ambaye tulikuwa tumemwalika chai, naye akausukuma. Mlango haukutikisika. Mama akaingia ndani, akachukua bisibisi yangu mezani, akaniambia nitoe komeo la chini. La juu akaomba libaki, na akaahidi kutolitia. Mpaka leo liko pale, limeshika kutu mahali pake pa kufunguliwa.

Yule dada wa kazi aliondoka baada ya Idi kwenda kuolewa Lushoto. Tulimfuta nafasi ya tano mbele yake, yeye mwenyewe akibonyeza vitufe, na Mama akamfungia kanga mbili. Nataka niseme jambo kuhusu hilo, maana nasikia watu wakinunua vibao hivi ili kumchunga msaidizi wa nyumbani. Kibao kama changu hakiandiki nani aliingia saa ngapi. Hakiwezi kumshitaki mtu wala kumtetea. Kinachofanya ni kwamba akiondoka, anaondoka safi: siku yoyote kikikosekana kitu, hakuna atakayeweza kusema pengine bado ana ufunguo.

Mwezi uliopita, saa nane na nusu usiku, sukari ya Mama ilishuka. Alikuwa na nguvu za kupiga simu moja tu, na akampigia jirani, akafanya sawa, mimi ningemfaa nini nikiwa Dar. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Jirani alipita getini kwa namba yake, risiva ikitumia betri ya akiba, akafika mlango wa jikoni, akabonyeza tena. Mlango ulipofunguka, aliniambia, alisimama kizingitini gizani na kikombe cha maji ya sukari mkononi, akasema, “Hodi, hodi.” Mama akaitikia karibu kutoka chumbani, ndipo akaingia.

Asubuhi yake jirani aliniomba jambo moja kwenye simu. Atakuwa na safari ya Pangani ya wiki mbili, na binti yake mkubwa ndiye atakayebaki nyumbani. Nikamwelekeza Mama kwa simu, hatua kwa hatua: nyota, namba kuu, reli, moja. Nafasi ya tano ilikuwa tupu. Akampa hiyo.